Peji Yangu ya Majeneza

Nianze na hii "bei njoo inboksi", maana ndiyo inayonipandisha presha kuliko zote. Mtu amepiga picha ya kabati, au keki, au viatu, ameiweka mtandaoni dunia nzima inaiona, halafu ukimuuliza bei anakujibu njoo inboksi. Nije kufanya nini huko inboksi, kuna chai? Mangi wa dukani ukimuuliza bei ya sukari anakutajia mbele ya watu wote, hakuvuti nyuma ya pazia akakunong'oneza. Nyie mnaona ni ujanja. Mnamchungulia mteja kwanza, mnatazama kwenye picha yake kavaa nini, ndipo mnamtajia bei inayofanana na nguo zake. Huo ni udalali tu, na madalali nimegombana nao muda wote niliofanya kazi.

Kikundi cha vijana wajasiriamali wa hapa Chanika, ninakoishi siku hizi na mihogo yangu na kuku wangu, kimeniandikia barua. Barua ina heshima zote, shikamoo imewekwa mwanzo na mwisho. Wanataka niwaandikie kwenye kijarida chao "uzoefu wa mzee aliyefanikiwa kutangaza biashara mtandaoni hadi kupata wafuasi wengi". Niliisoma mara mbili, nikaisukumia chini ya sahani, siku tatu sikutaka kuiona. Siku ya nne nikachukua kalamu. Wanangu, nitawaambia wafuasi wale walipatikanaje, na mkishajua, mwenye kutaka kunipa hongera aje anipe.

Jina langu Alfonsi. Kwetu Mbinga, ila ujana na uzee wangu vimeishia Dar. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza majeneza, Temeke, kwenye banda la mabati kando ya barabara. Najua kuna wanaoguna hapo. Mke wangu nilipomchumbia aliwaambia wazazi wake kwamba mchumba ni seremala, na hakusema uongo, ila hakutaja seremala wa nini mpaka mahari ilipokwisha kupokelewa. Baba mkwe hakuwahi kunisamehe moja kwa moja. Kila nilipokwenda kumsalimia akiwa na mafua, alikuwa akijikaza asikohoe mbele yangu.

Aliyenifundisha ni Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala, Mungu amrehemu. Alianza na vinyago, akaviacha. Nilimuuliza kwa nini, akasema mtalii huahirisha, marehemu haahirishi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mzito. Siku yangu ya kwanza nilipiga msumari kwenye kifuniko, akanipiga kofi la kisogo. Hakuona haja ya maelezo. Baadaye nikaelewa mwenyewe: wafiwa wakija kuchukua, kifuniko kinafungwa kwa skrubu za kuzungusha kwa vidole, taratibu, bila kelele. Mama aliyefiwa akisikia nyundo, kila pigo linamwingia yeye.

Alinifundisha pia kupima. Fundi wa majeneza haendi msibani na futi mkononi akaivuta mbele za watu. Unakaa, unatoa pole, unakunywa chai kama ipo, halafu unauliza kwa upole, "Marehemu urefu wake alikuwa kama nani hapa?" Hapo wote wataangalia mtu mmoja. Unampima huyo kwa macho, unaondoka zako. Niliwahi kuuliza hivyo msiba mmoja Mbagala, ukoo mzima wakamgeukia mjomba wao mmoja mrefu mwembamba. Yule mjomba alisimama akaondoka, hata mazishini hakutokea. Tangu hapo nikawa nauliza pembeni, mtu mmoja tu, na kwa sauti ya chini.

Tena alinifundisha kwamba katika biashara yetu kuna maneno mawili ambayo mfanyabiashara mwingine yeyote huyasema kutwa, sisi ni mwiko kuyasema. Maneno yenyewe ni "karibu tena". Mteja ukimaliza naye unamwambia pole, Mungu awatie nguvu, basi.

Na la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu hii, lilikuwa kuhusu jina. Kwa Wakristo, jeneza huenda pamoja na msalaba wa kusimika kaburini, wenye jina la marehemu. Mzee Chilumba alikuwa akiliandika jina mwisho kabisa, kazi yote ikiwa imekwisha, na rangi ikikauka tu analifunika kwa kitambaa cheupe na kukifunga kwa uzi. Kitambaa kile hakitoki mpaka wenye msiba waje wakitoe wenyewe. Nilimuuliza tunaficha nini, na jina si la siri. Akaniambia, "Wewe hujui nani ameshaambiwa na nani bado." Ninyi mliozaliwa mjini huenda mnashangaa, lakini wenye asili ya bara mnanielewa. Kwetu mama haambiwi kifo cha mwanawe kwa simu, wala hakisikii njiani. Ataambiwa mgonjwa kazidiwa, au mgonjwa anahamishwa, atasafirishwa mpaka nyumbani kwake, na hapo ndipo wazee wataingia, watamketisha katikati ya dada zake, watahakikisha amekula, ndipo habari itatamkwa. Wengine huuita uongo. Mimi nimeona wanawake wakizipokea habari hizo kwa njia zote mbili, na sitaki kubishana na mtu ambaye hajaona.

Sasa peji. Wazo lilikuwa la binti yangu Pendo. Alisoma biashara chuoni, akahitimu, akazunguka na vyeti vyake maofisini mpaka soli za viatu zikatoboka. Siku moja akaja bandani, akakaa juu ya rundo la mbao, akasema, "Baba, mie nikikufungulia peji utakataa?"

"Peji ya nini?"

"Ya hapa. Ya kazi zako. Watu waone."

"Nani anakaa kwake anatafuta kuona majeneza?"

"Baba, wote huku barabarani mko kumi na kitu. Aliyefiwa Mbezi au Tegeta anakujuaje wewe? Anakamatwa na dalali pale getini pa hospitali, anapelekwa anakotaka dalali. Ukiwa na peji anakupata mwenyewe."

Hilo la dalali ndilo lililoniingia. Madalali hawa walikuwa wakikaa wanamvizia mtu anayetoka na macho mekundu, wanamchukua kama kuku wa kisasa, wanamleta kwa fundi, na nusu ya fedha inabaki kwao. Nikamwambia Pendo afungue, kwa sharti moja: bei iandikwe chini ya kila picha, kubwa, mtu aione bila kuuliza. Mtu aliyefiwa hana muda wa kuja inboksi. Akaandika. Mafundi wenzangu wakanuna wiki nzima, walisema nawaharibia soko.

Niwe mkweli, peji ilifanya kazi. Nitawaambia na jinsi tulivyofanya, maana mliniomba hilo na sitaki mseme mzee kazunguka mbuyu. Picha tulipiga asubuhi, saa mbili, jua likiwa upande. Saa sita vanishi inang'aa vibaya hata mninga unaonekana plastiki. Tulifagia takataka za mbao kwanza. Tulionyesha ndani, kitambaa kilivyoshonwa kwenye kona, kwa sababu nje kila fundi anaweza kupaka rangi akadanganya, kona za ndani hadanganyi mtu. Tuliandika ni mbao gani, kama ni paini tunasema paini. Na picha zilikuwa za kazi zetu wenyewe. Nalisema hili kwa hasira, kwa kuwa fundi mmoja wa ng'ambo ya barabara aliiba picha zetu akaziweka kwake na kusema ni mikono yake. Nilimfuata. Akakana mpaka nikamwonyesha chini ya picha: kandambili zangu, moja ya bluu na moja ya kijani, zimetokea pembeni. Alichonijibu ni kwamba hata yeye anazo za hivyo.

Mambo mengine yalinishinda. Pendo aliweka majibu ya kujitegemea, yaani mtu akiandika, simu inamjibu yenyewe. Nikapigiwa na mzee mmoja wa Kimara, sauti inatetemeka kwa ghadhabu, ameagiza jeneza la mkewe na simu imemjibu, "Asante kwa kutuchagua, karibu tena." Nilikwenda mpaka kwake kuomba radhi. Na wenzangu nao, walipoona peji inaleta watu, wakafungua zao. Mmoja akaweka tangazo la ofa ya Pasaka. Ofa ya Pasaka kwenye majeneza. Wenye kujua dini mtanieleza alikuwa na maana gani.

Lakini jambo lililoniudhi kuliko yote lilikuwa ule utumwa wa kuposti. Pendo aliniambia peji isipolishwa inakufa. Kila siku lazima kitu. Nikamuuliza, na siku ambayo hakuna aliyefiwa? Akacheka, halafu akaniangalia akaona sitanii. Ndivyo ilivyo, wanangu. Ukishakuwa na peji unaanza kuitumikia. Unaingia bandani asubuhi, na kabla hujashika randa unawaza leo nitawaonyesha nini. Nilianza kuwaza hivyo mimi mzee mzima, na sikujigundua.

Siku moja alasiri akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jina lake Tito. Mdogo wake, Elia, aliyekuwa karani wa kutoa mizigo Kurasini, alikuwa amefariki asubuhi hiyo baada ya kuugua majuma mawili. Mama yao alikuwa ametoka kijijini, nje kidogo ya Makambako, kuja kumuuguza. Tito alinieleza mpango, nami namkumbuka alivyosimama, anazungusha funguo kwenye kidole.

"Fundi, mama hajajua. Tumemwambia Elia anahamishiwa hospitali ya kule kwetu, yeye atangulie akaandae nyumba. Kesho alfajiri anapanda basi Mbezi Luis na mke wangu. Sie tunafuata na mwili saa nane mchana. Simu yake nimeichukua, nimemwambia imeharibika chaji."

"Umefanya vizuri," nikamwambia. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu huu.

Alitaka jeneza la mbao ya mkongo, na msalaba wa kuchonga, siyo wa kuandika kwa rangi. Nikakaa na ule msalaba kuanzia jioni, kesho yake asubuhi na mapema nikaumalizia. Tangu Mzee Chilumba afe sikuwa nimechonga herufi nzuri namna ile. ELIA MGAYA, na chini yake tawi la mzeituni. Nilipoupaka mafuta, mbao ikatoa mishipa yake yote. Nikaufunika kwa kitambaa cheupe, nikaufunga uzi, nikauegemeza kwenye jeneza.

Pendo akaja saa mbili na simu yake. Akapiga picha, akaangalia, akakunja uso.

"Baba, hicho kitambaa kinaonekana kama nguo imeanikwa. Na msalaba ndio kazi yenyewe hapa."

Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu mahali pote nilipoisimulia habari hii watu wamekimbilia kusema, "vijana hawa". Pendo hakukigusa kitambaa. Aliuliza tu, "Tukiache?" Nami nilijua habari za yule mama. Nilijua yuko njiani muda huohuo. Nikajiambia peji ni ya watu wa mjini, ya wenye simu kubwa, bibi wa Makambako ataionea wapi, na simu yake imechukuliwa. Na nilikuwa nataka watu wauone mkono wangu. Nikafungua uzi mwenyewe, nikakivuta kitambaa, nikakitia mfukoni. Nikamwambia, "Piga."

Akaandika chini yake: Mkongo halisi, msalaba wa kuchonga kwa mkono, bei hii hapa, tunafikisha mikoa yote. Akaiachia. Mimi nikaenda kunywa supu.

Yaliyotokea ndani ya basi nilielezwa na Tito, naye alielezwa na mkewe. Tiketi zilikatwa kwa kuchelewa, kwa hiyo wale wawili hawakupata viti vya pamoja. Mama alikaa mbele, mke wa Tito nyuma yake. Jirani wa mama alikuwa dada mmoja mpole, alikwisha mnunulia hata machungwa pale Morogoro. Dada huyo alikuwa ameshika simu anaperuzi, anapandisha picha moja baada ya nyingine kama mnavyofanya. Miezi michache nyuma tulimtengenezea jeneza la baba yake, akapenda kazi, akaifuata peji yetu. Mfuasi. Hao ndio tuliokuwa tukiwatafuta kwa udi na uvumba.

Mama akachungulia kidogo, kama mtu yeyote anavyochungulia simu ya jirani safarini. Akasema, "Mwanangu, hebu rudisha hapo." Dada akarudisha. Mama akasoma herufi moja moja, maana macho yalikuwa yameanza kuchoka. Alisoma mara mbili, mke wa Tito akamsikia kutoka nyuma anavyolitamka jina la mwanawe taratibu, kama mwanafunzi.

Walikuwa katikati ya mbuga ya Mikumi. Pale magari hayasimami ovyo, kuna wanyama. Konda alimwambia dereva, dereva akasema wavumilie mpaka watoke mbugani. Kwa hiyo yule mama alipiga kelele zake humo humo ndani, basi linakwenda, katikati ya abiria asiowajua, wengine wanauliza kuna nini, wengine, Mungu awasamehe, wameinua simu wanamrekodi. Dada mwenye simu alikuwa akilia na yeye, anasema samahani, samahani mama, wakati hakuwa na kosa lolote.

Tito alikuja bandani kabla ya saa nane. Hakutoa salamu. Nilimwona anaingia, nikajua kuna jambo, ila akili yangu ikaenda kwenye gari, nikadhani limewakwamisha.

"Fundi, nani amekuruhusu?"

"Kuhusu nini, Mwalimu?"

Akaniwekea simu usoni. Kulikuwa na watu wengi sana chini ya picha ile. Kazi safi fundi. Mkono wa dhahabu. Bei gani, na bei imeandikwa. Na katikati yao, saa tatu asubuhi, muda mrefu kabla basi halijafika Mikumi, ndugu yao mmoja alikuwa ameandika: "Mama yake bado hajaambiwa. Tafadhali sana futeni." Pendo, ambaye siku hiyo alikuwa akijibu watu wengi kwa haraka, alikuwa anagonga alama ya kopa kwa kila anayeandika, bila kusoma. Hata kwa huyo. Peji yangu ilimpa kopa jekundu.

Tito akainama akashika upande mmoja wa jeneza, akaniambia, "Shika huko, tupakie. Mama yangu anafika nyumbani hana mtu." Tukapakia. Pendo alikuwa nje, ameshaifuta ile posti. Nikautafuta msalaba, nikatoa kitambaa mfukoni, nikaufunika tena, nikaanza kuufunga uzi. Tito akaniangalia, hakunisaidia.

Kufuta hakukusaidia kitu. Video ya ndani ya basi ilikuwa imekwisha zagaa, na kurasa za umbea zikaiunganisha na picha ya jeneza waliyokuwa wameihifadhi, jina la peji yangu likionekana juu. Kwa siku mbili tatu mjini hapa hakukuwa na mazungumzo mengine. Na hapo ndipo, wanangu, wafuasi walipokuja. Hawakuja kwa ajili ya kona za ndani, wala kwa sababu tuliandika bei. Walikuja kwa makumi na mamia kumtazama mama wa watu akilia. Wengine waliandika matusi. Wengine waliniwekea oda. Simu ya kazi haikulala. Fundi yule aliyeniibia picha alivuka barabara, akanipiga begani, akaniambia, "Mzee Alfonsi umetoboa. Sie tunaposti mwaka mzima hatupati hata robo." Nilimfukuza na randa mkononi. Pendo alitaka tuifunge peji siku hiyohiyo. Aliyesema tusubiri kidogo, oda zilizokwisha ingia zitoke kwanza, ni mimi. Tukasubiri mwezi mzima. Nayaandika haya ili msije mkasema kesho kwamba mzee alikuwa mtu safi aliyeponzwa na teknolojia.

Mwezi ulipokwisha nilikuwa sili vizuri. Nikamwomba Tito anipeleke kwao. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali kwa shingo upande. Pendo alitaka kuja, nikamkatalia. Kitambaa kilivutwa na mkono wangu.

Tulifika mchana, baridi la kule linapenya koti. Mama Tito alikuwa uani anapepeta maharage, mwanamke mfupi, mkavu, amejifunga khanga mbili. Tito akamwambia mgeni ni nani. Hakustuka wala hakukasirika. Akaninyooshea mkono, akanisalimia kwa kilugha chao.

"Kamwene, baba."

"Shikamoo, mama."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nikapiga magoti palepale kwenye maganda ya maharage, nikaanza. Akaniacha nikafika katikati, halafu akasema, "Inuka, baba, koti lako linachafuka." Akanikaribisha ndani, tukaletewa ugali na mboga, akakaa pembeni ananitazama nakula mpaka nikamaliza. Ndipo akaniuliza.

"Kwenu ni wapi?"

"Mbinga, mama."

"Kwenu habari kama hii inaletwaje?"

"Kama kwenu, mama."

"Basi unajua." Akasogeza sahani kando. "Mie sikuletewa. Niliikuta tu kwenye simu ya mtu. Na nilipofika hapa watu wote wameshajua kuwa nimejua, hakuna aliyenitamkia. Walilia tu na mie nikalia. Mpaka leo sijaambiwa na mtu."

Tito akasema, "Mama, ya nini tena kuyarudia hayo?"

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye uliyenipandisha basi."

Akaita dada zake. Walikuwa wawili, wazee kama yeye, nyumba zao zi jirani. Wakaja wanafuta mikono, hawajui wanaitiwa nini. Akawaambia wakae mkekani, mmoja kulia na mwingine kushoto, naye akakaa katikati, akanyoosha miguu, akajifunika khanga mabegani. Kisha akanigeukia mimi.

"Haya, baba. Nimekula, nimekaa, nina watu wangu. Niletee."

Nimekuwa kwenye kazi ya wafu tangu ujana, nimeingia nyumba za msiba nisizoweza kuzihesabu, lakini siku zote niliingia watu wakiwa wamekwisha ambiwa. Sikuwahi kuitamka habari yenyewe. Nilimwomba Tito kwa macho aniokoe, naye akaangalia chini. Basi nikavua kofia, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikasema kama nilivyowahi kuwasikia wazee wa kwetu wakisema.

"Mama Tito, tumekuja na habari nzito. Elia mwanao ameugua, wenzake wamejitahidi, waganga wamejitahidi. Lakini Mungu amempenda. Hatunaye."

Kaburi la Elia lilikuwa nyuma ya nyumba hiyohiyo, udongo haujakauka, msalaba wangu umesimama juu yake. Yule mama alikuwa amelimwagia maji asubuhi ile kwa mikono yake. Pamoja na hayo alipolisikia neno hilo alianguka kwenye mapaja ya dada yake, akalia kilio ambacho sitaki kukieleza. Dada zake wakamshika, mmoja mabegani, mwingine miguu, wakalia naye, wakimwita kwa jina lake la utotoni.

Ilichukua muda mrefu. Alipotulia alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akainua kichwa, akauliza yale ambayo mtu aliyeletewa habari huuliza, na ambayo yeye hakupata wa kumuuliza.

"Ilikuwa saa ngapi? Nani alikuwa naye?"

Tito akavua viatu, akakaa mkekani miguuni pa mama yake, akaanza kumweleza.